Moshi wa Pilipili

Pilipili kavu zilipotumbukia kwenye mafuta ya moto, jengo zima lilipata habari. Mpangaji wa chumba cha mwisho alipiga chafya na kuisindikiza kwa tusi dogo. Fundi viatu wa ghorofa ya chini alifunga dirisha kwa kishindo, ili asiwepo wa kusema hakujua kwamba limefungwa. Ukumbini mtoto alianza kulia, na mama yake akambembeleza kwa sauti ya kusikika mlango hadi mlango: "Nyamaza, baba, si wewe peke yako unayelia humu."

Ndani ya chumba, karai likinguruma juu ya jiko la gesi, mama mtu mzima alikuwa ameshainuka kitandani. Mkono mmoja ulishika ukingo wa meza, wa pili ulishika kigoda.

"Nakwenda kuota jua," alisema.

"Mama, nje kuna mawingu," binti yake alijibu, mwiko haukutulia mkononi.

"Basi nakwenda kuyatazama mawingu."

Akatoka polepole, pumzi ikimtoka na mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, katika banda ambalo vumbi jeupe lilielea hewani kutwa nzima, na alipoacha kazi vumbi lile alirudi nalo nyumbani, kifuani. Hewa ya kawaida ilimtosha kusuka nywele za mjukuu wake, kupembua mchele na kutania watu. Hewa yenye pilipili ilimkaba.

Binti alilijua hilo vizuri. Lakini mboga za namna hii hazina subira. Zinatangulia pilipili na tangawizi, kinafuata kitunguu saumu, na kabla hakijabadilika rangi karoti ziwe zimeshaingia, zimekatwa vijiti vyembamba. Halafu maharagwe mabichi, halafu hoho, halafu kabichi iliyochanwa kwa mkono. Moto uwe mkali wa kutisha. Mwisho kabisa sosi ya soya na siki kidogo, na karai liepuliwe mboga zikiwa bado zinalia chini ya jino. Ukizubaa zinalegea, na zikilegea zimekuwa mboga tu, kama za kila mtu.

Haya alifundishwa na mzee mmoja wa Kichina, mpishi wa hoteli ambayo binti aliingia kama muosha vyombo na kupanda hadi kwenye jiko. Mzee yule alijua maneno machache ya wenyeji, na mengi kati ya hayo yalikuwa "haraka". Hoteli ilipofungwa na wenyewe kurudi kwao, alimwachia karai lake. Ndiyo maana wateja wake wakamwita Mchina. Jina likamganda, hata mumewe, kinyozi aliyekodi kiti kwenye saluni ya mtu, alimwita hivyo siku alizotaka kumfurahisha. Vichwa vya kunyoa vilikuwa haba. Tangu hoteli ifungwe, nyumba ile ilikula kwa karai.

*

"Mchina kafika!"

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Ilikuwa karakana ya kushona sare za shule na za walinzi, na wanawake waliofanya kazi pale walikuwa wamechoka na mkate mkavu wa mchana. Walizunguka ndoo zake za chakula kama kuku waliomwagiwa punje.

"Leo umetuchoma?"

"Nimewachoma."

"Mimi mume wangu ananiuliza kwa nini narudi nyumbani midomo imevimba. Nimwambie nini?"

"Mwambie umebusiwa na Mchina."

Wakacheka hadi wengine wakapaliwa. Mchina naye alicheka huku akipakua. Hapa alikuwa mtu mwingine. Mabega yalinyooka, maneno yalimjia yenyewe. Hakuna aliyefunga dirisha.

Msimamizi wa karakana, mwanamke mrefu asiyevua utepe wa kupimia shingoni, alisubiri wenzake wamalize kuchukua. Hakuwa mtu wa maneno.

"Wengine kule nyuma wanalalamika hawapati," alisema. "Kuanzia wiki ijayo upikie karakana yote. Utaweza?"

"Nitaweza, dada," alisema Mchina, na alikuwa ameshakubali kabla hajajiuliza atapikia wapi.

Jioni kinyozi aliposikia alimnyanyua mkewe juu, pale pale kati ya meza na kitanda, mtoto wao wa kike akapiga makofi. Mama mtu mzima alikuwa ameketi ukutani, shuka miguuni.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Sasa na mimi nitakuwa mtu wa jua kweli kweli. Mtanikuta nimekauka kama dagaa."

Wote walicheka. Mchina alicheka kidogo kuliko wengine.

*

Karai moja likawa makarai mawili kwa siku, kisha manne. Ukuta wa nyuma ya jiko ulipata doa la mafuta lililopanda hadi karibu na dari. Siku mbili za kwanza alilitoa jiko uani, mama yake apumue ndani. Siku ya tatu akaja mama mwenye nyumba, leso imebana pua.

"Mwanangu, mimi nilipangisha chumba. Sikupangisha hoteli."

"Shikamoo, mama. Ni masaa machache tu ya asubuhi."

"Masaa machache, na mashuka ya watu yako kwenye kamba! Mwalimu wa juu kaenda kazini ananuka kitunguu saumu. Kanifuata mimi, hakukufuata wewe."

"Nisamehe, mama. Nitawaomba waanike mchana."

"Huwezi kuwapangia watu waanike saa ngapi. Ukitaka kukaanga, kaanga ndani kwako na mlango ufunge. La sivyo, kuna watu wanakitafuta chumba hiki."

Alisema haya mbele ya wapangaji waliokuwa wakisubiri bomba la maji. Wengine walitazama ndoo zao. Mmoja alitabasamu. Mchina alizima gesi, akabeba jiko kifuani kama mtoto na kurudi nalo ndani, karai akalifuata baadaye. Mama yake, aliyesikia kila neno kupitia dirisha, alikuwa ameshatafuta kigoda.

"Nilikuwa nimeshachoka kulala," alisema.

Basi ikawa hivyo. Binti ndani na mlango umefungwa, mama nje kando ya lango la jengo. Moshi ulipokwisha, mama alirudi. Lakini moshi wa pilipili hauishi upesi, unajificha kwenye pazia, kwenye godoro, kwenye nywele za watu. Mluzi wa kifua ukageuka kikohozi. Kikohozi kikawa kinamkunja hadi kipaji cha uso kinagusa magoti, na kila kilipomwachia alitazama huku na huku kuona nani amemwona.

*

Zahanati walikwenda pamoja siku ya mapumziko ya karakana. Njiani walipita sokoni kwa sababu ilikuwa njia hiyo hiyo, na Mchina akanunua kabichi na tangawizi za kesho yake, akazifunika kwenye kikapu.

Nesi alikuwa msichana mdogo mwenye sura ya upole. Aliweka kipimo mgongoni mwa mama, akasikiliza huku na kule, akasikiliza tena.

"Bibi, hiki kifua kimechokozwa. Nyumbani mnapikia nini? Kuni? Mkaa?"

"Gesi," alisema mama. "Tumeendelea."

Nesi alitabasamu. "Kuna anayevuta sigara?"

"Mkwe wangu hata soda hanywi."

"Na vyakula vya kukaanga? Mafuta kuungua, pilipili, vitu kama hivyo? Maana moshi wa namna hiyo kwa kifua chako ni sumu, bibi. Sikutishi, nakwambia ukweli."

"Sisi?" Mama alicheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. Alipopata pumzi alisema, "Sisi tunachemsha tu, mjukuu wangu. Chakula chetu hakina makelele."

Nesi alimgeukia binti. Alimtazama vizuri, si kama mtu anayeuliza kwa kutimiza wajibu. "Ni kweli, dada?"

Kikapu kilikuwa miguuni pa Mchina, kinanuka tangawizi. Mikono yake ilinuka kitunguu saumu, harufu ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo siku nyingi. Alimwona mbele yake msimamizi na utepe wake. Aliiona kodi ya chumba, sare ya shule ya mtoto, kiti kitupu cha saluni.

Aliitikia kwa kichwa.

Nesi aliandika dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaeleza namna ya kuitumia. Nje, mama na mwana walitembea polepole, wakisimama kila mama alipotaka kusimama.

"Mzuri, nesi yule," alisema mama hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Anauliza sana, lakini mzuri."

*

Maneno ya nesi hayakumwacha. Alfajiri ya siku iliyofuata Mchina alikaanga bila pilipili. Aliongeza tangawizi, akaongeza soya, akanyunyiza ufuta juu ili macho yadanganyike. Chumba kilijaa harufu tu, hakikujaa moshi, na mama alibaki kitandani akimsuka mjukuu wake, akimsimulia habari ya msimamizi wa kiwandani aliyelala juu ya marobota ya pamba hadi akapakiwa kwenye lori. Mtoto alicheka kwa sauti. Mchina alisikiliza, akajisemea moyoni kwamba inawezekana.

Karakana hawakucheka.

"Mchina, kuna msiba?" aliuliza mmoja.

"Kwa nini?"

"Chakula kimepoa moyo."

"Hii ni ya wagonjwa," alidakia mwingine, akisukuma bakuli. "Mimi mzima."

Alipeleka hivyo siku iliyofuata tena, na iliyofuata. Ndoo zikawa zinarudi na mabaki. Msimamizi alimwita pembeni, karibu na marundo ya vitambaa.

"Sikiliza, sina ugomvi na wewe. Lakini watu wangu wamerudi kula mikate. Tatizo nini?"

Angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliogopa kwamba akisema kwake kuna mgonjwa, wateja wataogopa chakula. Na aliogopa pia kuonekana mtu asiye na mahali pa kupikia, aliyeichukua kazi kubwa kuliko chumba chake.

"Pilipili nzuri zilikuwa zimeadimika, dada. Zimepatikana."

"Basi vizuri."

Asubuhi yake pilipili zilirudi kwenye mafuta, na mama akarudi kwenye kigoda.

*

Mvua zilianza. Mama alihamisha kigoda kutoka kando ya lango hadi chini ya kibaraza kidogo cha lango lenyewe, pale wapangaji wanapokung'utia miavuli. Upepo ulipogeuka, mvua ilimfikia. Mtandio wake ulikaukia mwilini.

Jioni moja, wamekaa kula, aliingiza mkono kifuani, akatoa sarafu na kuiweka katikati ya meza.

"Leo na mimi nimeingiza pesa," alisema.

"Umeokota, bibi?" aliuliza mtoto.

"Nimepewa. Bwana mmoja mwenye mwavuli. Aliniona pale nimekaa, nimelowa, mkono nimeuweka hivi." Akaonyesha mkono ulivyokuwa juu ya goti, kiganja juu. "Akasema, 'Pole, mama,' akaniwekea mkononi. Nikashangaa! Kufumba na kufumbua kavuka barabara."

Kinyozi alikuwa ameanza kucheka, maana mama alisimulia kwa kuigiza sauti ya yule bwana. Kicheko kilimfia mdomoni. "Kwa nini hukumwita, mama, ukamrudishia?"

"Kwa pumzi ipi?"

Mtoto alinyoosha mkono kuichukua sarafu, na Mchina akamzuia kwa ukali ambao hakuutarajia mwenyewe. Sarafu ilikaa pale mezani hadi vyombo vikaondolewa. Baadaye haikujulikana aliyeiondoa.

Mama alifuta meza kwa upande wa kiganja. "Nimemkumbuka mjukuu wangu wa kiume," alisema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya zamani. "Nataka nikakae kwa kaka yako siku mbili tatu."

Kwa kaka kulikuwa safari ya basi ya nusu siku. Mama alikuwa hajawahi kupapenda mahali pale. Mara ya mwisho alirudi akisema nyumba ile ina viti vingi na wakaaji wachache.

Mchina alitazama sahani yake. Huu ulikuwa wakati wa kusema, hapana, mama, huendi popote. Mumewe alimtazama akimsubiri alitamke. Mama pia alikuwa akisubiri, ingawa alijifanya anakunja shuka.

"Labda utapata nafuu kule," alisema Mchina. "Hewa ni nzuri."

"Ndiyo," alisema mama. "Nasikia hewa ni nzuri."

*

Kaka mtu, muuza vipuri vya magari, alikuja kumchukua na gari la kuazima. Alisimama katikati ya chumba kama mtu anayeogopa kugusa kitu, kisha akapitisha kidole kwenye doa la ukutani na kukitazama.

"Kwa hiyo ndiyo hapa," alisema.

"Karibu ukae, kaka."

"Sikai. Barabara mbaya." Akapunguza sauti, maana mama alikuwa mlangoni akiagana na fundi viatu. "Mama kanipigia mwenyewe. Anasema ni yeye anayetaka. Ni kweli?"

"Amesema mwenyewe."

"Aliyosema nimeyasikia. Nakuuliza wewe."

Mchina alikuwa ameshika mfuko wa dawa za mama. Aliufunga fundo, akaufungua, akaufunga tena. "Dawa hii avute asubuhi na jioni," alisema. "Atikise kwanza kichupa."

Kaka alimtazama kitambo, akachukua mfuko. "Nimeelewa," alisema. "Wateja wameshinda."

Mama aliingizwa garini akiwa na kigoda chake, akakataa katakata kiwekwe nyuma. Alimpungia mjukuu, akampungia mkwe, akampungia hata mama mwenye nyumba aliyetokea juu ghorofani. Kwa binti yake alisema, "Kaangeni vizuri," na gari likaondoka.

*

Miezi ilikwenda. Mchina alikaanga bila kutazama nyuma yake, na ilimshangaza jinsi chumba kilivyokuwa kikubwa. Mama mwenye nyumba hakulainika. Ukuta wa jirani nao ulipoanza kutoa doa, alimpa notisi: jiko litoke au mpangaji atoke.

Ndipo Mchina, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukimbilia, alipomweleza msimamizi. Alimweleza yote akiwa amesimama, ndoo mkononi: chumba, moshi, mlango wa kufungwa. Habari ya mama aliitaja mwishoni, kwa maneno machache.

Msimamizi alivuta utepe shingoni, akauachia. "Una maana muda wote huu ulikuwa unakaanga chumbani?"

"Ndiyo, dada."

"Na sisi tuna banda huko nyuma, lina paa, halina kuta, tangu jenereta lihamishwe halina kazi. Kwa nini hukusema?"

Mchina aliweka ndoo chini. Walikwenda kulitazama. Lilikuwa banda la kawaida tu, sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta ya mashine, upepo ukipita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alisimama ndani yake, akashika nguzo, akainama. Msimamizi alidhani ni furaha.

Wiki ile ile kinyozi alisugua ukuta wa chumba kwa sabuni na msasa, akaupaka rangi. Walifua pazia. Godoro wakaliweka juani siku nzima. Kisha Mchina akapanda basi.

*

Alimkuta mama ameketi uani, nyuma ya nyumba, kando ya rundo la matairi. Chumba alichopewa kilipakana na stoo ya vipuri, kilinuka mpira na grisi, lakini dirisha lake lilikuwa kubwa. Mashavu yalikuwa yamerudi. Mluzi ulisikika pale tu alipoinuka.

"Umenona, mama."

"Wananilisha. Wifi yako ana maneno, lakini ananilisha."

Walizungumza habari za mtoto, za fundi viatu, za mwalimu wa juu. Mchina aliiacha habari yake hadi akashindwa kuishikilia.

"Nimekuja kukuchukua, mama. Siku hizi sipikii chumbani. Nimepata banda kule kule kazini, la wazi. Chumba tumekipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ya maziwa."

"Nzuri hiyo. Inaleta mwanga." Mama alipangusa goti ambalo halikuwa na vumbi. "Siji, mwanangu."

"Moshi umekwisha kabisa. Nakuapia."

"Nimesikia. Si moshi."

Mahali fulani nyumbani mle bomba lilikuwa linadondosha maji. Mama alisubiri kidogo, akivuta pumzi, kama anayepima kama zitatosha kwa maneno aliyonayo.

"Siku ile kwa nesi," alisema. "Nilisema uongo. Nilipokuwa nausema nilikuwa nakusikilizia wewe. Nilisema moyoni, sasa hivi atanikatiza, atasema, 'Mama, acha mambo yako, mimi nakaanga pilipili kila siku.' Hata nesi alikugeukia, akakurahisishia. Ukaitikia kwa kichwa."

"Mama, wewe ndiye uliyenilinda."

"Nilikulinda. Mtu anamlinda mwanawe, si ajabu. Na mimi siku ile nilitaka nilindwe kidogo."

Mchina alishuka kutoka kwenye tairi alilokalia, akapiga magoti, akashika miguu ya mama. Mama alimwekea mkono kichwani, mkono mwepesi uliozoea kusuka.

"Sina kinyongo. Ningekuwa nacho ningekaa nacho kimya. Hapa hakuna anayenipenda kama wewe, hilo nalijua. Lakini hapa hakuna anayenitoa nje. Mwili umepazoea. Inuka, watoto wa watu wanatazama."

Baada ya muda alisema, kwa sauti yake ya siku zote, "Umekuja na mikono mitupu?"

"Nimeleta matunda."

"Matunda ninayo. Nipikie."

"Nitakupikia, mama. Laini, bila pilipili, kama ulivyozoea."

"Hiyo nimeila mpaka nimeichoka. Nipikie ile wanayokula wale wanawake. Moshi wake nimeuvuta mimi kuliko mtu yeyote duniani, na chakula chenyewe sijawahi kukionja."

Mchina alitaka kubisha, akakumbuka, akaona ni kweli. Kila siku alimtengea mama bakuli lake la mboga za kuchemsha, kwa kumhurumia. Zile nyingine ziliingia kwenye ndoo moja kwa moja na kwenda zao.

Aliazima sufuria pana ya wifi yake. Aliwasha jiko la mkaa mwisho kabisa wa uwanja, upepo ukipeleka moshi barabarani, akapepea hadi makaa yakawa meupe. Hakuwa na soya. Alitumia chumvi na ndimu. Alichana kabichi, akakata karoti, na pilipili alizinunua dukani zikiwa zimesinyaa. Kwa mbali mama alimtazama kama mtu anayetazama mchezo.

Kijiko cha kwanza kilimtoa machozi. Akafuta, akachukua cha pili.

"Kumbe!" alisema.

"Kali, mama? Acha, nikuletee maji."

"Kali. Halafu ulimi unakwambia tena." Alikohoa kidogo, akatikisa kichwa, akacheka peke yake. "Wale wanawake hawana kosa."

Alikula vijiko kadhaa, akafunika kilichobaki na kusema atamalizia usiku. Mchina aliondoka na basi la jioni, peke yake.

*

Simu ilikuja msimu wa baridi ulipoingia. Ilikuwa karibu na saa ya chakula, karai liko motoni bandani, pilipili zimeshaanza kubadilika rangi. Aliibana simu kwa bega, sauti ya kaka yake ikasema alichokisema, na mafuta yakaendelea kunguruma.

Mchina aliitia simu mfukoni. Akatia kitunguu saumu. Akatia karoti, maharagwe, hoho na kabichi, akakoroga, akamimina soya na siki, akaepua. Alibeba ndoo hadi karakana, wanawake wakampokea kwa makelele yao ya kila siku, naye akapakua bakuli moja moja hadi la mwisho, la msimamizi. Ndipo alipovua aproni, akaikunja na kuiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mama yangu amefariki asubuhi ya leo," alisema. "Naomba ruhusa."

Vijiko vilisimama. Mmoja aliyekuwa anatafuna alifunika mdomo kwa mkono, asijue kama inafaa kumeza. Msimamizi aliinuka na bakuli lake mkononi.

"Umeambiwa saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, bandani."

"Na ukatupikia?"

Mchina alitazama nyuso zile zote zilizomgeukia, zimelowa jasho la pilipili.

"Pilipili zilikuwa zimeshaingia kwenye mafuta," alisema.